Kwilti yako ya kwanza: pasi na bandi kabla hujagusa cherehani

Kwilti ni kama blanketi la matabaka matatu: uso wa viraka, pamba ya katikati (tunaiita pamba hata ikiwa poliesta) na kitambaa cha mgongo. Watu wengi wakishamaliza kuunga viraka vyao wanaona kazi imeisha, uso umependeza, rangi zimekaa vizuri, basi wanaweka pamba na kitambaa cha chini harakaharaka alafu moja kwa moja kwenye cherehani. Ukigeuza nyuma unakuta mikunjo imeshonewa humo humo, pembe moja imevuta na nyingine imelegea, na hapo hakuna pasi itakayokusaidia, ni kufumua tu. Mi naamini kabisa kwilti inaharibika au inapona kwenye hatua mbili ambazo hakuna mtu anazipiga picha, yaani pasi na bandi (ile mishono mirefu ya muda inayoshikilia matabaka pamoja kabla ya kushona), kwa hiyo leo tukae hapo hapo tu, habari ya kukata na kuunga viraka nachukulia umeshaimaliza.

Nitatumia mfano wa kwilti ya mtoto mchanga, inchi 36 kwa 36, uso ni mabaki ya vitenge (pita kwa mafundi wa mtaani kwako uulize, wengi wana mifuko imejaa vipande na wanakuachia kwa bei ndogo sana au bure) na mgongo ni khanga. Hiyo saizi nimeichagua kwa sababu khanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110, ambayo ni inchi 59 kwa 43 hivi, na mgongo wa kwilti unatakiwa uzidi uso kwa kama inchi 3 kila upande, sasa 36 ukijumlisha 6 unapata 42, kwa hiyo khanga moja inatosha bila kuungaunga na doti nzima inakupa migongo miwili. Ukiifua ikasinyaa kidogo ukabaki na 41 usihangaike, kwa kwilti ndogo hivi inatosha.

Kwanza maji, ndo pasi

Fua khanga na vitenge kabla ya yote. Kitenge kipya kinakuja na stachi ya kiwandani, ndo maana kinasimama wima dukani, hiyo ikitoka kwenye maji kitambaa kinasinyaa, sasa usingoje kisinyae kikiwa kimeshashonwa pamoja na vingine ambavyo havisinyai. Khanga nyekundu na nyeusi ziangalie sana kwa kutoa rangi. Jaribu hivi: lowesha kipande cheupe cha pamba, kiweke juu ya khanga, gandamiza pasi ya moto kwa sekunde chache, alafu kiinue uangalie. Kama kile cheupe kimeshika rangi rudia kufua mpaka maji yatoke safi, mi chumvi na siki sizitegemei.

Na hakikisha ni pamba kweli, maana siku hizi khanga za poliesta ni nyingi sokoni na kwa macho huzijui. Chomoa uzi mmoja pembeni uuchome kwa kiberiti, ukifanyia juu ya sahani yenye maji: pamba inanuka karatasi iliyoungua na inaacha jivu laini, poliesta inayeyuka inajiviringa kuwa kitone kigumu. Ukijua hilo unajua na pasi uiweke wapi. Kwenye pasi nyingi za umeme nukta tatu ni kama nyuzi 200 za Selsiasi, hapo ndo pamba, na nukta moja ni kama 110, hapo ndo vitambaa vya poliesta. Ukichanganya pamba na poliesta kwenye uso mmoja basi unafuata kile kinachoungua haraka, na ukweli ni kwamba hutapata mishono iliyolala vizuri, kwa hiyo kwa kwilti ya kwanza bora utumie pamba tupu.

Pasi ya viraka sio pasi ya shati

Shati unaburuza pasi mbele nyuma mpaka linyooke. Viraka ukiburuza hivo unavivuta, pembe zinapinda, na kiraka kilichokuwa inchi 4 mraba kinakuwa umbo lisilo na jina. Hapa unaweka pasi, unagandamiza, unainua, unahamia pembeni yake. Weka, gandamiza, inua. Mkono utataka kuburuza kwa mazoea, uzuie.

Kila mshono una pasi mbili. Ya kwanza vipande vikiwa bado vimelaliana jinsi vilivyotoka kwenye cherehani, gandamiza juu ya mstari wa uzi kama sekunde 3, hii inaulaza uzi uingie kwenye kitambaa. Watu wengi wanairuka na ndo inayofanya mshono ulale vizuri baadaye. Ya pili unafungua kiraka cha juu, unapitisha ukucha kwenye mshono ufunguke mpaka mwisho, alafu unagandamiza ukiwa umelaza ile robo inchi ya ndani (akiba ya mshono) upande wa kitambaa cheusi zaidi. Kwa nini upande wa giza? Kwa sababu ukiilaza chini ya kitambaa cha rangi nyepesi itaonekana kivuli chake mbele, hasa ukiwa umetumia nyeupe au njano.

Ila kuna kanuni inayoishinda hiyo ya giza. Ukiwa unaunga safu kwa safu, safu ya kwanza laza mishono yote kulia, ya pili yote kushoto, ya tatu kulia, na kuendelea. Ukija kuunganisha safu mbili ile mishono inakutana ikiwa imeelekeana, unapapasa kwa kidole gumba na cha shahada unasikia kabisa imeingiana, hakuna tuta wala pengo, unachoma pini hapo unashona na pembe nne zinakutana sawasawa bila kubahatisha. Pale katikati pembe nne zinapokutana panakuwa pamevimba, sasa geuza nyuma, fumua ule uzi mmoja au miwili iliyo ndani ya robo inchi ya akiba (sio ule wa mshono mkuu), alafu ichanue mishono izunguke mwelekeo mmoja, utaona katikati panatokea kimraba kidogo sana. Gandamiza. Uvimbe umeisha, na siku unapitisha sindano ya cherehani hapo haitakatika.

Tafuta kipande cha mbao ngumu, kisafi, kisicho na rangi wala vanishi, ukubwa unaoshikika mkononi. Ukiinua tu pasi, weka mbao juu ya mshono uishikilie mpaka joto liishe. Mbao inafyonza mvuke na kuzuia joto lisikimbie, mshono unalala bapa kuliko ungetumia pasi peke yake, na hiki ni kifaa ambacho fundi seremala yeyote anakukatia kwenye mabaki yake.

Ukiwa na pembetatu kuwa makini mara mbili, maana ule upande mrefu umekatwa mshazari na mshazari unavutika hata kwa uzito wa kitambaa chenyewe. Hapo usitumie mvuke kabisa, pasi kavu tu, na pembetatu yenyewe usiinyanyue ikiwa bado ya moto.

Kuhusu umeme: pasi inakula uniti jamani, ile ya kawaida ni wati 1,000 na kuendelea, kwa hiyo usiiwashe kwa ajili ya mshono mmoja mmoja. Shona safu nzima, mishono ya kati kati ibonyeze kwa ukucha au kwa mgongo wa kijiko, alafu washa pasi mara moja upige zote. Ukiwa na pasi ya mkaa inafanya kazi vizuri tu, na ule uzito wake hapa ni faida, ila tandika kitambaa chepesi cha pamba juu ya viraka kabla ya kugandamiza kwa ajili ya majivu na cheche, na ipulize ukiwa mbali na kazi yako, nje ya mlango.

Uso ukishaungwa wote, upige pasi ya mwisho ukianzia nyuma. Nyuma unaipanga mishono iliyojigeuza, unakata nyuzi zote zinazoning'inia (uzi mweusi ukibaki chini ya kiraka cheupe utauona mbele miaka yote), ndo unageuza na kupiga mbele. Alafu pima. Pande zote nne, na pembe kwa pembe mara mbili. Kama vipimo vya pembe kwa pembe vimepishana zaidi ya nusu inchi uso wako umepinda, lowesha kidogo kwa chupa ya kupulizia maji, ulaze bapa, uvute taratibu ile pembe iliyo fupi kisha ugandamize. Rekebisha sasa hivi.

Khanga nayo ipige pasi yote, hakuna mkunjo unaoruhusiwa kubaki, na ikate kwa kufuata uzi wa kitambaa, yaani chana kidogo pembeni, ipasue kwa mkono, itajinyoosha yenyewe. Khanga nyingi chapa haikukaa sawa na uzi, ukifuata ule mstari wa pindo lililochapwa unaweza kukata mshazari bila kujua. Jina la khanga ukitaka libaki liangalie lilipo kabla ya kukata, ukipunguza pande mbili fupi kwa kiasi sawa linabaki katikati. Na lisome kwanza, kuna khanga za mipasho, hiyo sio ya kumfunika mtoto.

Tabaka la katikati

Ukiwa Uingereza au Marekani utapata pamba ya kwilti imekunjwa kwenye paketi na saizi zake, na kwenye paketi wameandika mishono isiachane zaidi ya inchi ngapi, hiyo namba iheshimu. Huku kwetu wengi tunatumia ile poliesta nyeupe ya roli ambayo mafundi wa makochi wanaitandika juu ya sponji, au blanketi jepesi la flisi. Kwa Dar, Tanga, Mombasa na joto lile mi ningechukua flisi jembamba au hata shuka kuukuu la pamba, kwa Mbeya, Njombe au Limuru weka poliesta ya unene wa kama nusu inchi lakini usizidishe hapo, nene sana inamshinda anayeanza na cherehani cha nyumbani hakiimezi.

Ile iliyotoka kwenye roli ifungue uitandike usiku mzima ili makunyanzi yaachie. Na kumbuka: kuanzia tabaka hili linapoingia, pasi ya moto imeisha. Poliesta ikipata joto la nyuzi 200 inalainika, inalala na kushikana humo ndani, hutaiona ila utaisikia ngumu ukipapasa. Ndo maana nilisema piga pasi yote kabla.

Kutandika

Unahitaji sehemu ngumu na bapa kubwa kuliko kwilti. Sakafu ya vigae au ya saruji iliyopigwa deki ikakauka ndo nzuri zaidi. Kitandani hapana, mkekani hapana, sindano itashika ukili na utajikuta umeshona kwilti na mkeka pamoja.

Khanga inakaa chini, upande mzuri ukiangalia sakafu. Chukua tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, bandika katikati ya upande mmoja, nenda upande unaoelekeana nao uvute kidogo ubandike katikati, alafu pande mbili zilizobaki vivyo hivyo, ndo uende kwenye pembe. Ukianza na pembe utasukuma ulegevu wote katikati. Iwe imenyooka tu, sio imekazwa kama ngozi ya ngoma, maana ikikazwa siku unatoa tepu inarudi saizi yake na inakusanya uso wote uwe na vifundo. Utajuaje? Pitisha kiganja, kitambaa kisitembee mbele ya mkono wako, ila ukibana kwa vidole viwili uweze kukiinua kidogo.

Juu yake pamba, yaani lile tabaka la katikati, ilaze kuanzia katikati ukiisukuma kwa viganja kwenda nje, usiivute. Alafu uso, upande mzuri ukiangalia juu. Kabla ya kuutandika ukunje mara nne utie alama ya chaki katikati, na khanga pia iwe na alama ya katikati ya kila upande, ili ujue zimelingana. Ikiwa huwezi kuinama sakafuni tumia meza: bandika njiti ya meno katikati ya meza kwa tepu, utaisikia kwa kidole hata ikiwa imefunikwa na matabaka yote matatu, ndo unapata katikati yako, na pembeni unashikilia kwa vibanio vya kuanikia nguo.

Bandi yenyewe

Njia ziko tatu na mi kwa anayeanza nachagua uzi bila kusita. Ni rahisi kwa bei, haiachi kutu, haina harufu, na kwilti ikikaa miezi miwili kabla hujaipata nafasi utaikuta vile vile.

Tumia uzi mweupe wa kawaida, usitumie wa rangi maana unaweza kuacha alama ukipata unyevu, na sindano ndefu. Kata uzi mrefu, mara mbili ya upana wa kwilti na ziada kidogo, kama inchi 80 hivi, tunga sindano lakini usifunge fundo. Anza katikati kabisa, choma sindano, vuta mpaka nusu tu ya uzi ipite, ile nusu nyingine iache imelala pale pale. Shona kuelekea ukingoni kwa hatua ndefu za inchi moja na nusu mpaka 2 juu, na chini ushike kidogo tu. Ukifika mwisho rudia hatua moja juu ya ile ya mwisho, uzi unashika. Rudi katikati, tunga ile nusu iliyobaki, nenda upande wa pili. Umepata mstari mzima usio na fundo, na siku ya kuutoa unaukata katikati unavuta.

Chukua kijiko cha chai mkono wa kushoto. Sindano ikishapita chini haiwezi kurudi juu kwa sababu inagonga sakafu, sasa weka mdomo wa kijiko pale mbele unapotaka itokee, gandamiza kitambaa, ncha ya sindano inapanda kwenye ukingo wa kijiko inatokeza yenyewe. Bila kijiko utaingiza mkono chini, matabaka yatahama na tepu itabanduka, kazi yote ya kutandika inakuwa bure. Kwa kijiko mkono haushuki chini hata mara moja na kidole hakichomwi.

Mpangilio: mstari wa kwanza katikati kwenda juu na chini, wa pili katikati kulia na kushoto, umepata msalaba. Alafu robo kwa robo unajaza mistari mingine, kati ya mstari na mstari iwe upana wa kiganja, inchi 4, kwa kwenda wima na kwa kulala, mpaka kwilti nzima ina vyumba vya kiganja kimoja. Kila mstari unaanzia karibu na katikati unasukuma ulegevu kwenda nje. Ukimaliza zungusha mstari mmoja pembeni pande zote nne, karibu kabisa na ukingo wa uso, chini ya robo inchi, huo utafichwa ndani ya ukanda wa pindo na hauna haja ya kuutoa.

Njia ya pini, hizo za kufunga zenye kichwa, ni ya haraka kidogo na wanaoshona kwa cherehani wengi wanaipenda. Pini moja kila upana wa ngumi, kwa saizi hii ni kama 80 mpaka 100, zifungue zote kabla, zichome zote kuanzia katikati, zifunge mwishoni kwa ncha ya kijiko. Ila Pwani usiziache humo. Unyevu wa huku unashika chuma mapema na alama ya kutu kwenye kitambaa cheupe haitoki kirahisi. Gamu ya kupuliza nayo ipo kwa wanaoipata, inatoka kwenye maji ukifua, lakini inashika moto kwa urahisi, pulizia nje au madirisha yakiwa wazi, mbali na jiko na pasi, na kwa kwilti ya mtoto lazima uifue kabla hajaitumia.

Kuna na kazi isiyohitaji bandi kabisa: Wasidi wa Karnataka kule India, ambao asili yao ni Afrika, wanashona kwilti zao zinazoitwa kawandi kwa kuanza ukingoni na kuzunguka kwenda ndani, kiraka kinawekwa na kushonwa palepale kwa mkono kupitia matabaka yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna uso unaoungwa kando ukasubiri kutandikwa. Ukiona roho yako haipatani na kuinama sakafuni itafute hiyo.

Kagua, alafu ndo ushone

Toa tepu, geuza kwilti nzima, mgongo juu. Usiangalie kwa macho tu, funga macho kabisa upapase kwa viganja viwili kuanzia katikati. Ukisikia tuta au mfuko wa ulegevu, kata bandi ya mistari inayopita hapo tu mpaka karibu na katikati, nyoosha, piga tena. Inchi 3 za khanga zilizobaki nje zikunje juu ya pamba uzishikize kwa uzi, zitazuia pamba isichomoke ukiwa unageuza geuza kwenye mashine.

Kushona anzia katikati pia, ukienda nje. Kama cherehani chako kina ule mguu maalum unaovuta kitambaa cha juu sambamba na cha chini uweke, kama hakina punguza mkazo wa mguu na urefushe hatua kidogo. Bandi usishone juu yake, ukiukaribia mstari wa bandi ukate kipande hicho uvute utoke ndo uendelee, maana ukiupitia uzi wa cherehani unaufunga humo na utautoa kwa kibanio cha nyusi kipande kwa kipande. Mistari ya nje iache mpaka uifikie. Pamba na khanga iliyozidi usiikate mpaka mshono wa mwisho umepita, ndo uchukue rula ndefu, unyooshe pande nne sawa na uso, kisha ukanda wa pindo.